Mhubiri Mlei Asitumwe Mikono Mitupu





Katika parokia zetu nyingi padre ni mmoja na vigango ni kumi, na pengine kumi na vitano. Maana ya hesabu hiyo ni kwamba Jumapili nyingi za mwaka Neno la Mungu kigangoni halifafanuliwi na padre bali na mlei: katekista, mwalimu wa shule, mama kiongozi wa jumuiya, au mzee mwenye sauti inayosikika hadi nje ya mlango. Ndugu zetu Wamethodisti wamo katika hali hiyo hiyo. Mchungaji mmoja hukabidhiwa sakiti, yaani kundi la makanisa kadhaa, na wahubiri walei ndio wanaopanda mimbarini mahali ambapo yeye hawezi kufika. Kwa hiyo tunaposema juu ya malezi ya mhubiri mlei hatuligusi jambo la pembeni. Tunasema juu ya mtu ambaye Wakristo wengi wa vijijini humsikiliza mara nyingi kuliko wanavyomsikiliza askofu wao.

Huenda mtu akauliza: Tume ya Haki na Amani ina neno gani katika suala la mahubiri? Je, kazi yake si mashamba yaliyonyakuliwa, mishahara isiyolipwa na mahabusu wasiofikishwa mahakamani? Tunaomba tujibu kwa kusimulia jambo lililotupata wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kwenda katika kigango cha mbali. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto alikuwa ameacha kusali na wenzake, na jumuiya yake haikujua la kufanya. Tulipouliza tukaelezwa kwamba siku ya mazishi kiongozi wa ibada alihubiri kuwa Mungu huwatwaa watoto ili kuwaadhibu wazazi wenye dhambi ya siri. Tangu siku ile majirani wakaanza kuitafuta dhambi yenyewe, na mume naye akaanza kumtazama mkewe kwa shaka. Tulimwendea kiongozi yule tukiwa tumejaa hasira. Alikuwa mkulima, mtu mwema, asiyekosa ibada wala kudai malipo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: “Padre, hayo ndiyo niliyoambiwa mimi nilipofiwa na mwanangu. Sikuwahi kufundishwa mengine.”

Hasira yetu ikageuka aibu. Mtu huyo tulikuwa tumempa ufunguo wa kanisa, Biblia na kitabu cha nyimbo. Hatukuwa tumempa hata siku moja ya kujifunza namna ya kusema na wafiwa. Sisi tulikaa seminarini miaka mingi, tukasoma falsafa na theolojia, tukahubiri mbele ya walezi wetu na kusahihishwa kabla ya kuruhusiwa kuhubiri mbele ya taifa la Mungu. Yeye tulimtuma kwa kazi ile ile kigangoni siku tuliyomchagua.

Hapo palitendeka dhuluma mbili. Mama yule alinyimwa faraja aliyokuwa na haki ya kuipata kutoka kwa Kanisa lake. Mkulima yule naye alitwishwa mzigo bila kuonyeshwa namna ya kuubeba, na ulipoanguka tukataka kumlaumu yeye. Ndiyo sababu tunasema kwamba malezi ya mhubiri mlei ni suala la haki.

Mwaka 2023 nchi yetu iliona ni umbali gani neno la mimbarini linaweza kumfikisha mtu. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wazima na watoto. Wengi walikuwa wafuasi wa mafundisho kwamba kwa kufunga hadi kufa wangekutana na Yesu. Hatudai kwamba kukosekana kwa masomo peke yake ndiko kulikoleta msiba ule. Lakini jambo moja liko wazi: palikuwa na mahubiri, na hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kukaa kitini, kuyasikiliza, na kumwambia mhubiri, “Hapa umepotoka, shuka.” Mhubiri asiyesikilizwa na yeyote aliye juu yake au kando yake ni hatari, hata awe na moyo mwema.

Katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi ndipo penye Ribe, mahali ambapo misheni ya Kimethodisti ilianza mwaka 1862, Thomas Wakefield akiwa miongoni mwa wamisionari wake wa kwanza. Wamethodisti wana mapokeo ya kuwatumia wahubiri walei yenye umri wa zaidi ya karne mbili na nusu. Kanisa letu limekuwa katika mazungumzo rasmi nao tangu mwaka 1967, na mwaka 2006 wao walijiunga na Tamko la Pamoja juu ya Kuhesabiwa Haki ambalo Wakatoliki na Walutheri walikuwa wamelitia sahihi mwaka 1999. Basi si vibaya jirani kuchungulia shamba la jirani, aone lililomea vizuri na lililosongwa na magugu, kisha arudi kulitazama la kwake.

Mwanzo wa mapokeo hayo ulikuwa ugomvi. John Wesley alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyesoma Oxford, na kwa malezi yake hakuamini kwamba mlei angeweza kuhubiri. Karibu na mwaka 1740, akiwa safarini, alipata habari kwamba mlei mmoja aitwaye Thomas Maxfield ameanza kuhubiri mjini London. Akarudi haraka ili kumnyamazisha. Aliyemzuia ni mama yake mzazi, Susanna. Alimshauri aangalie kwanza matunda ya mahubiri yale, kisha aende kumsikiliza Maxfield kwa masikio yake mwenyewe. Wesley akaenda, akasikiliza, akakubali.

Tunawaomba wasomaji waone kilichotendeka hapo. Mama yule hakusema kwamba mlei na ahubiri apendavyo, wala hakusema kwamba mlei na anyamaze. Alisema: kasikilize. Kusikiliza huko ndiko kukawa msingi wa malezi. Mwaka 1746 mkutano wa Wesley na wenzake uliweka maswali ya kumpima mtu anayedhani ameitwa kuhubiri: kama anamjua Mungu kweli, kama ana kipaji pamoja na neema, na kama kazi yake imezaa matunda. Baadaye kukawa na utaratibu wa kumweka mhubiri katika kipindi cha majaribio. Huhubiri akiwa pamoja na mwenzake mzoefu, husoma, huulizwa maswali, na mkutano wa sakiti ndio unaoamua kama akubaliwe. Kukawa pia na mpango wa robo mwaka, karatasi inayoonyesha nani atahubiri wapi na siku gani. Kwa njia hiyo hakuna kanisa linalokuwa mali ya mhubiri mmoja, wala mhubiri anayebaki bila kusikiwa na makanisa mengine.

Aidha, Wesley hakuvumilia uvivu wa kusoma. Kati ya mwaka 1749 na 1755 alichapisha maktaba ya vitabu 50 vya mambo ya dini, vilivyofupishwa ili watu wa kawaida waweze kuvisoma. Wahubiri waliosafiri pamoja naye aliwataka watumie walau saa tano kwa siku katika masomo. Aliyesema kwamba hana hamu ya kusoma aliambiwa aitafute hamu hiyo au arudi kwenye kazi yake ya awali. Wahenga wetu walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Wachimba makaa na wafumaji wa Uingereza waliosimama wakahubiri kwa nguvu walikuwa wameundwa hivyo.

Matunda ya malezi hayo hayakuishia kanisani. Mwaka 1834, katika kijiji cha Tolpuddle kusini mwa Uingereza, vibarua sita wa mashambani walihukumiwa kuhamishwa kwa miaka saba hadi makoloni ya Australia. Kosa lao lilikuwa kula kiapo cha siri katika chama walichokiunda, kwa kuwa mshahara wao ulikuwa umeshuka hadi shilingi saba kwa juma na kulikuwa na tishio la kuupunguza tena. Kiongozi wao, George Loveless, alikuwa mhubiri mlei wa Kimethodisti. Maelfu ya watu waliandamana London kuwatetea, na mwaka 1836 wakasamehewa. Loveless hakufundishwa siasa kanisani. Alijifunza kusoma Maandiko kwa makini, kupanga mawazo, kusimama mbele ya watu na kusema kweli bila matusi. Mtu aliyejifunza hayo kwa ajili ya mimbari hawezi kuyaacha mlangoni anapokwenda shambani. Viongozi wetu wa haki na amani vijijini nao hutoka kundi hilo hilo la wasomaji na wafafanuzi wa Neno.

Lakini mapokeo mema hayajilindi yenyewe. Mpango wa robo mwaka unaweza kubaki karatasi ukutani. Majaribio yanaweza kuwa desturi tupu, mtu akapitishwa kwa sababu ni mzee wa ukoo au kwa sababu hakuna mwingine. Masomo yaliyotungwa kwa watu wa nchi na wakati mwingine yanaweza kukaririwa bila kumgusa mjane wa Meru wala mvuvi wa Kilifi. Wamethodisti wa Uingereza wenyewe waliyatunga upya masomo ya wahubiri wao mwaka 1990, na baadaye wakayabadilisha tena, wakitilia mkazo mwalimu wa karibu anayemsindikiza mwanafunzi na kazi anayoifanya katika kanisa lake mwenyewe, badala ya mtihani wa karatasi peke yake. Kwa hiyo tunayoyasema sasa yanawahusu wao kama yanavyotuhusu sisi. Tunaona mambo manne ya kurekebishwa.

La kwanza ni kusikilizwa. Kila mhubiri mlei awe na mtu mzoefu wa kumsikiliza walau mara moja katika kila miezi mitatu, kisha wakae pamoja chini ya mwembe wazungumze: lipi limeeleweka, lipi limeumiza, lipi halimo kabisa katika somo lililosomwa. Waulizwe pia wasikilizaji, hasa akina mama na vijana, maana hao husikia mengi na huulizwa machache.

La pili ni kuyasoma Maandiko kwa ukamilifu wake. Makosa mengi ya mimbarini hutokana na mstari mmoja uliong'olewa mahali pake. Mhubiri ajifunze kuuliza nani anasema, anamwambia nani, kwa sababu gani, na Yesu mwenyewe alifanya nini alipokutana na jambo kama hilo. Mkulima wetu angalionyeshwa sura ya tisa ya Injili ya Yohane, ambamo Bwana anakataa katakata kwamba upofu wa yule kijana ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake, asingaliyasema aliyoyasema kaburini.

La tatu ni kumfundisha mhubiri mambo yanayowapata wasikilizaji wake. Atahubiri mazishini, basi ajifunze kuwafariji wafiwa. Atafuatwa na mgonjwa, basi ajue kusali naye na kumpeleka katika kituo cha afya, asimwambie kamwe aache dawa. Atasikia wazee wakisingiziwa uchawi, jambo ambalo limewagharimu wazee wetu wa Pwani maisha yao, basi ajue kwamba kukaa kimya ni kushiriki. Ataambiwa siri ya mtoto aliyedhulumiwa, basi ajue kwamba siri hiyo haifichwi kwa ajili ya heshima ya familia wala ya Kanisa. Wakati wa uchaguzi atatembelewa na wanasiasa wenye bahasha, basi ajue kwamba mimbari haikodishwi. Mambo hayo yote ni mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, na hayafai kubaki katika vitabu vya mapadre.

La nne ni gharama. Hapa hatuna budi kuungama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1965 juu ya kazi za kimisionari, ulitaka makatekista wapate malezi bora, na wale wanaotumika kwa muda wao wote wapewe ujira wa haki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 231, inasema kwamba walei wanaojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa wanapaswa kupata malezi yanayofaa, na inatambua haki yao ya kupata riziki ya heshima. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliiweka rasmi huduma ya katekista. Tunawaheshimu Wenye Heri Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana wa Uganda waliouawa huko Paimol mwaka 1918. Lakini tukiwasha mishumaa mbele ya picha za makatekista waliokufa huku tukimwacha aliye hai atembee kilomita ishirini kwa nauli yake mwenyewe, heshima yetu ina kasoro.

Tunajua kwamba yapo mapingamizi. Wengine husema Roho Mtakatifu ndiye afundishaye, na kwamba masomo yatauzima moto. Tunawajibu kwamba Bwana alipowaahidi wanafunzi wake msaada wa Roho mbele ya mahakimu, aliwaahidi watu waliokuwa wamekaa naye, wakimsikiliza na kusahihishwa naye. Hakuwaahidi waliokataa kujifunza. Wengine huogopa kwamba mlei aliyesoma atajiona padre mdogo. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Sheria yetu imekwisha kuweka mipaka: homilia katika Misa ni ya padre au shemasi, na mlei huweza kuruhusiwa kuhubiri nje ya hapo kwa taratibu za maaskofu. Anayeijua mipaka ni yule aliyefundishwa. Asiyefundishwa ndiye anayeivuka bila kujua. Na tuseme kweli, wakati mwingine hofu hiyo ni yetu sisi mapadre, tunaochelea kuulizwa maswali tusiyokuwa tumejiandaa kuyajibu.

Wengine tena husita kuwaandaa wanawake. Wamethodisti walilikuta swali hilo mapema, na mwaka 1771 Wesley alikubali kwamba Mary Bosanquet alikuwa na wito wa pekee wa kuhubiri. Katika Kanisa letu Papa Fransisko alifungua huduma ya usomaji kwa wanawake mwaka 2021. Katika jumuiya ndogo ndogo akina mama ndio wanaoongoza sala na kuyafafanua masomo karibu kila juma. Kuwatumia bila kuwafundisha ni dhuluma ile ile tuliyokwisha kuitaja.

Basi tufanye nini? Hatupendekezi majengo mapya. Tunapendekeza kwamba kila baraza la parokia, katika kikao chake kijacho, lijibu maswali matatu kwa maandishi. Ni watu wangapi wanaolifafanua Neno katika vigango vyetu, na majina yao ni nani? Katika miaka miwili iliyopita, kila mmoja wao amepata siku ngapi za mafunzo? Katika bajeti ya mwaka huu, ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa ajili yao, zikilinganishwa na zile za sherehe na mapambo? Majibu yakishapatikana, litengwe Jumamosi moja kila mwezi kwa mafunzo, na jumuiya zichangie chakula na nauli. Palipo na kanisa la Kimethodisti jirani lenye wahubiri walei, waalikwe katika mafunzo ya Biblia, na sisi tukialikwa kwao twende. Yatakayotutenganisha tutayajua, lakini yule mama mfiwa ni yule yule katika kila kanisa.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 18, kinatusimulia habari za Apolo, mtu mwenye ufasaha na bidii, aliyehubiri sinagogini huko Efeso huku akijua sehemu tu ya habari njema. Priskila na Akila, mke na mume mafundi wa kushona mahema, walimsikiliza. Hawakumwaibisha mbele ya watu, wala hawakumwacha aendelee hivyo. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Waliomfundisha mhubiri huyo mkubwa walikuwa walei.

Mkulima wetu tulimchukua nasi. Alikuwa wa kwanza kufika katika mafunzo tuliyoyaanzisha kwa kuchelewa. Siku moja, bila kutumwa, alikwenda nyumbani kwa mama yule, akamwomba msamaha mbele ya mumewe na majirani. Hatuwezi kusema kwamba jeraha lilipona. Tunaweza kusema kwamba Jumapili iliyofuata mama yule alikuwa ameketi katika benchi la nyuma, na kwamba mhubiri alipoufungua ukurasa wa siku ile alijua anasema na nani.